Taiti Endi au Waidi Risiva: Swali la Kijana na Swali la Mamake



Juma hili tumepokea karatasi moja yenye hati mbili. Hati ya juu ni ya barobaro wa miaka 17. Mtoto wa ami yake aishiye Marekani amemwalika katika ligi ya kubuni ya kandanda ya Kimarekani, ligi ya jamaa 10. Auliza: zamu yake ya kuchagua itakapofika, akikuta wamebaki taiti endi aliye bora kuliko wenzake wote na waidi risiva aliye bora vilevile, amshike yupi? Na ile nafasi ya wazi iitwayo fleksi, amweke nani?

Hati ya chini ni ya mamake, nayo ni mistari mitatu tu. Kila mshiriki ametakiwa kutoa dola 50, na mshindi atachukua dola 500 zote. Auliza: je, mwanangu acheza mchezo au acheza kamari?

Maswali haya yametoka nyumba moja na yafaa kujibiwa pamoja. Tutayajibu kwa mpango uleule wa karatasi, la kijana kwanza, kisha la mamake.

Kwa faida ya wasomaji wasioujua mchezo huu, tueleze kwa ufupi. Vijana wetu wengi hucheza fantasi ya ligi kuu ya Uingereza, na hii ni nduguye. Mshiriki hajengi timu ya watu wa kweli, bali hujiandikia orodha ya wachezaji walio katika klabu mbalimbali. Kila juma, yale waliyoyafanya uwanjani hugeuzwa kuwa pointi za mwenye orodha. Asili yake ni mwaka 1962, pale Wilfred Winkenbach, mmoja wa wenye hisa katika klabu ya Oakland Raiders, alipoitunga kanuni yake pamoja na wenzake wakiwa safarini New York. Mwaka uliofuata, 1963, walifanya uteuzi wa kwanza mjini Oakland, na washiriki walikuwa wanane. Leo wachezao ni mamilioni.

Tofauti kubwa na fantasi ya Uingereza ni hii. Huko, watu wawili waweza kumwandika mchezaji mmoja. Katika ligi ya Kimarekani ya jamaa 10, aliyekwisha kuchukuliwa ameondoka sokoni. Watu huchagua kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, na aghalabu zamu hurudi kinyumenyume: aliyekuwa wa mwisho katika duru ya kwanza huwa wa kwanza katika duru ya pili. Kwa hiyo kila uchaguzi ni kuchukua na kuacha kwa pamoja, na unachokiacha huenda usikikute tena.

Sasa tuwatambue hawa wawili. Waidi risiva husimama pembeni, karibu na mstari wa uwanja. Kazi yake kubwa ni kukimbia na kudaka mpira unaorushwa na kwotabeki. Taiti endi husimama mwishoni mwa ukuta wa mbele, ubavuni mwa wale majitu wanaomkinga kwotabeki. Yeye ana kazi mbili: mara huwa sehemu ya ukuta akisukumana na wapinzani, mara huchomoka akadaka mpira kama risiva. Ligi ina klabu 32, na mpango unaotumika zaidi uwanjani ni wa risiva watatu na taiti endi mmoja. Basi kwa kila taiti endi mmoja mkuu kuna risiva watatu, na wengi katika hao mataiti endi hutumiwa kusukumana zaidi kuliko kudaka. Wenye kupewa mipira mingi kila juma huhesabika kwa vidole.

Pointi nazo huhesabiwa hivi katika ligi nyingi: mpira mmoja uliodakwa ni pointi 1, kila yadi 10 ni pointi 1, na tachidauni, yaani kuufikisha mpira katika eneo la mwisho la mpinzani, ni pointi 6. Orodha ya kawaida hutaka kwotabeki mmoja, wakimbiaji wawili, risiva wawili, taiti endi mmoja, na nafasi moja ya fleksi inayokubali mkimbiaji, risiva au taiti endi. Kuna pia mpiga mateke na safu ya ulinzi, lakini hao si hoja ya leo.

Mwanetu, kosa la wengi ni kuwapima watu wawili kana kwamba wamesimama peke yao: huyu ana pointi ngapi, yule ana ngapi, basi mwenye nyingi ndiye. Mtu akipanga walima hafanyi hivyo. Mtaani mpishi hodari wa pilau huenda akawa mmoja tu, na wa kumfuatia yuko mbali naye sana, ilhali wenye kukodisha mahema na viti ni wengi na hawapitani kwa mengi. Hema lina gharama kubwa kuliko ujira wa mpishi, lakini mwenye busara humwahi mpishi kwanza. Anajua akimkosa mpishi hasara yake haizibiki, na akilikosa hema hili atapata lile.

Tuitazame hesabu ya kweli ya msimu wa 2022, tukihesabu mipira ya kudaka peke yake. Justin Jefferson wa Minnesota Vikings, risiva, alidaka mipira 128 kwa yadi 1,809 na tachidauni 8. Hizo ni pointi 356.9. Travis Kelce wa Kansas City Chiefs, taiti endi, alidaka mipira 110 kwa yadi 1,338 na tachidauni 12. Hizo ni pointi 315.8. Anayewapima peke yao atasema Jefferson amemshinda Kelce kwa pointi 41, na maneno yamekwisha.

Hayajakwisha. Aliyemchukua Jefferson bado anahitaji taiti endi, na aliyemchukua Kelce bado anahitaji risiva. Taiti endi aliyemfuata Kelce mwaka ule alikuwa T.J. Hockenson, aliyedaka mipira 86 kwa yadi 914 na tachidauni 6, yaani pointi 213.4. Kutoka wa kwanza hadi wa pili pana shimo la pointi 102.4, takriban pointi 6 kila juma katika michezo 17. Kwa upande wa risiva, nyuma ya Jefferson kulikuwa na msururu wa watu waliokaribiana. Tuseme basi mwenye Kelce alikosa wakubwa kadhaa akaambulia CeeDee Lamb wa Dallas Cowboys, aliyedaka mipira 107 kwa yadi 1,359 na tachidauni 9. Huyo ni pointi 296.9.

Hapo ndipo hesabu inapogeuka. Kelce pamoja na Lamb ni pointi 612.7. Jefferson pamoja na Hockenson, ambaye ndiye taiti endi bora kuliko wote waliobaki, ni pointi 570.3. Yule aliyeonekana mdogo ameiletea orodha ziada ya pointi 42.4, kwa sababu alikaa mahali ambapo wenziwe walikuwa wachache na dhaifu. Hili ndilo jibu letu la kwanza: usipime mtu, pima jozi. Jiulize, nikimchukua huyu sasa, zamu yangu ikirudi nitampata nani kwa ile nafasi nyingine? Jozi itakayokuwa nzito ndiyo ya kushika.

Jibu hili lina mipaka yake. Uzito wa taiti endi hutokana na lile shimo lililo nyuma yake. Shimo likiwa kubwa, mchukue mapema bila kusita. Likiwa dogo, usimlipie bei ya uadimu asio nao. Mwaka 2024 kijana wa msimu wa kwanza, Brock Bowers wa Las Vegas Raiders, alidaka mipira 112 kwa yadi 1,194 na tachidauni 5, sawa na pointi 261.4. Nyuma yake alikuwapo Trey McBride wa Arizona Cardinals, mipira 111, yadi 1,146 na tachidauni 2, sawa na pointi 237.6. Mwaka ule aliyemkosa wa kwanza hakuanguka mbali. Shimo la pointi 24 si sababu ya kumwacha risiva mkubwa.

Tazama pia kanuni ya ligi yenu kabla ya siku ya uteuzi. Ziko ligi zinazompa taiti endi pointi 1.5 kwa kila mpira anaoudaka, ili kumpandisha thamani. Ziko zinazotoa nusu pointi kwa wote, na ziko zisizotoa kitu kwa kudaka, bali yadi na tachidauni tu. Hesabu tuliyoipiga hapa ni ya pointi 1 kwa wote. Kanuni ikibadilika, hesabu nayo huna budi kuipiga upya.

Ama nafasi ya fleksi, hukumu yake ni kinyume. Hapo mlango uko wazi kwa aina tatu za wachezaji, na uadimu wa taiti endi hauna kazi tena. Kiti kile hakiulizi jina la nafasi, chauliza pointi tu. Taiti endi wako wa pili atashindana na risiva wako wa tatu, na mara nyingi risiva atashinda, kwa kuwa yeye muda wake wote ni wa kudaka ilhali mwenzake nusu ya siku yu ukutani akisukumana. Mweke taiti endi wa pili katika fleksi pale tu mipira anayorushiwa kwa juma inapolingana na ya risiva uliye naye. Ndiyo maana twakushauri utazame mara ngapi mtu analengwa na kwotabeki wake, kuliko tachidauni alizofunga juma lililopita. Tachidauni huja na kupotea, lakini kuaminiwa na kwotabeki hudumu zaidi.

Jambo la tatu ni juma la mapumziko. Msimu una majuma 18 na michezo 17, kwa hiyo kila klabu hupumzika juma moja. Ukiwa na taiti endi mmoja tu, juma lake la mapumziko utahitaji mtu wa kumshikia nafasi. Usimweke benchi mtu huyo msimu mzima kwa ajili ya siku moja. Mtafute juma lenyewe likikaribia, katika wale wasiochukuliwa na yeyote.

Mwanetu, mpaka hapa huenda ukasema: kumbe mchezo huu ni hesabu tupu, na mwenye hesabu hashindwi. Subiri kidogo, maana neno hilo ndilo litakalotupeleka kwa swali la mamako.

Baada ya msimu ule wa 2022, Jefferson na Kelce walikuwa miongoni mwa majina ya kwanza kuchukuliwa katika ligi nyingi za mwaka 2023, na waliowachukua walikuwa na hesabu zao mkononi. Siku mbili kabla ya mchezo wa kwanza, Kelce aliumia goti mazoezini, akaukosa mchezo huo. Alimaliza msimu kwa mipira 93, yadi 984 na tachidauni 5, sawa na pointi 221.4. Jefferson aliumia msuli wa paja mwezi wa Oktoba, akakosa michezo saba, akamaliza na mipira 68, yadi 1,074 na tachidauni 5, sawa na pointi 205.4. Wawili hao kwa pamoja walileta pointi 426.8.

Mwaka huohuo, taiti endi wa msimu wa kwanza, Sam LaPorta wa Detroit Lions, alidaka mipira 86 kwa yadi 889 na tachidauni 10, akapata pointi 234.9. Lamb naye alidaka mipira 135 kwa yadi 1,749 na tachidauni 12, akapata 381.9. Aliyekuwa na hao wawili alivuna pointi 616.8. Je, alikuwa na akili zaidi ya yule mwenye Jefferson na Kelce? Huenda alikuwa nayo kidogo. Lakini goti la Kelce halikuwa katika hesabu ya yeyote, wala paja la Jefferson. Hesabu hutueleza yaliyopita na hutupunguzia ujinga wa yajayo, lakini haiyaoni yajayo. Ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake.

Na sasa tukugeukie wewe, mama yetu uliyeandika mistari mitatu ya chini.

Vijana watakwambia kwamba huu si kamari kwa kuwa una ujuzi ndani yake, na watakutajia sheria ya Marekani. Ni kweli kwamba sheria ya nchi hiyo ya mwaka 2006, iliyozuia malipo ya kamari za intaneti, iliiacha michezo ya fantasi nje ya katazo lake. Lakini iliiacha kwa masharti. Zawadi ziwe zimetangazwa kabla, na thamani yake isitegemee idadi ya washiriki wala ada walizotoa. Matokeo nayo yaonyeshe maarifa na ustadi wa wachezao, na yasitegemee mchezo wa klabu moja pekee wala mchezaji mmoja pekee. Tazama basi ligi aliyoalikwa mwanao: watu 10, dola 50 kila mmoja, zawadi dola 500. Zawadi hiyo ni ada zenyewe zilizokusanywa, hakuna kingine ndani yake. Anayeishika sheria hiyo kama ngao na aisome mpaka mwisho.

Hata hivyo, kwetu sisi ruhusa ya serikali si mwisho wa maneno. Maisiri imetajwa pamoja na ulevi katika Sura ya al-Maida, aya ya 90, na aya inayofuata imetaja uadui na bughudha zinazozalika humo, na kuzuiliwa watu na swala. Kila mtu kuweka fedha yake, mmoja akaondoka na zote na tisa wakaondoka mikono mitupu, kwa jambo ambalo goti la mtu aliye Kansas City laweza kuligeuza, hilo lafanana mno na tulilokatazwa. Fatwa si kazi ya safu hii. Mwende kwa sheikh wa msikiti wenu, mama na mwana pamoja, mumweleze sura ya jambo hili kama lilivyo bila ya kulipamba. Rai yetu ni kwamba hizo dola 50 zisitolewe.

Wala tusione dola 50 ni chache. Hapa Pwani tumeshuhudia vijana walioanza kubeti kwa simu na shilingi 50, wakaishia kuuza vitu vya ndani. Mazoea ya kungoja fedha isiyotolewa jasho hayaanzi na kiasi kikubwa. Na fauka ya fedha kuna udugu. Hao 10 ni watoto wa ami na wa shangazi, waliotenganishwa na bahari. Mchezo huu umekuja uwape la kuzungumza kila juma. Twahofia isije ikawa Lamb au LaPorta amewagombanisha watu ambao babu yao ni mmoja, kwa sababu ya fedha ambayo hakuna aliyeihitaji.

Lakini, mama, usimfungie mwanao mlango wote. Mchezo wenyewe, ukiondolewa fedha, una faida yake. Kijana anayekaa na daftari akajumlisha mipira, yadi na tachidauni, akalinganisha jozi kwa jozi, anajifunza jambo litakalomfaa dukani, shambani na nyumbani: kwamba thamani ya kitu hupimwa kwa kile utakachokipata usipokuwa nacho. Mwambie amwandikie mtoto wa ami yake kwa adabu, kwamba yeye atacheza lakini hatalipa wala hatapokea, na kwamba wangependelea ligi nzima iwe hivyo. Atakayeshinda na apewe ngao ya mbao yenye jina lake, ikae kwake mwaka mmoja, kisha ihamie kwa mwingine. Wakikataa wote, basi kijana na abaki nje, na ushauri wetu wa taiti endi autumie kumsaidia mwenziwe asiyeweka fedha.

Lipo na suala la saa. Michezo ya Jumapili ya Marekani huanza kwetu saa 2 usiku mwezi wa Septemba na Oktoba, na saa 3 usiku saa zao zikibadilika mwezi wa Novemba. Hiyo yaweza kutazamwa kwa kiasi. Lakini ule mchezo wa usiku wao huanza kwetu saa 9 na dakika 20 usiku, na baada ya Novemba saa 10 na dakika 20, ukaendelea adhana ya alfajiri ikiadhiniwa, na Jumatatu kuna shule. Fantasi haimtaki mtu akeshe. Pointi hujihesabu zenyewe, na asubuhi atazikuta.

Kwa muhtasari, mwanetu: katika kiti cha taiti endi, pima jozi, na mchukue aliye bora pale tu shimo la nyuma yake ni refu. Katika fleksi, mweke mwenye kurushiwa mipira mingi, na mara nyingi huyo atakuwa risiva. Soma kanuni ya ligi yako kabla ya uteuzi. Na fedha ya mamako iache mkobani mwake.

Wabillahi tawfiq.